NENO "GHAFLA" HALITISHI
Uhakiki wa jumba la mauzauza la matofali

Safari hii sihakiki kitabu. Nahakiki nyumba. Tena nyumba yenyewe si ya saruji wala ya udongo, ni ya matofali ya plastiki. Ukiiweka sakafuni haifiki kiunoni kwangu, na wakazi wake ni vijitu vya ukubwa wa kidole gumba. Najua wapo watakaosema, "Huyu naye kaishiwa, sasa anahakiki midoli." Waseme. Kazi yoyote aliyoipanga mtu ili mtu mwingine ashtuke, acheke au alie, ina fani na ina maudhui. Kama ina fani na maudhui, inahakikika.

Kazi ninayoisema inaitwa Haunted House, jumba la mauzauza, seti namba 10273 ya kampuni ya LEGO ya Denmark. Ilitoka mwaka 2020 ikiwa na vipande 3,231, na kwenye boksi imeandikwa 18+, yaani ni ya watu wazima. Bei yake ilipotoka ilikuwa dola 249.99 za Marekani. Mjomba wangu alimletea binamu yangu moja kutoka Dubai, nasi tukaijenga jioni sita mfululizo, mezani, chai pembeni, umeme ukikatika tunawasha mshumaa, jambo ambalo kwa jumba la aina ile lilizidi kunogesha.

Kijiweni nilipoisimulia nilijibiwa mara moja: "Hayo ni mambo ya watoto wa mabosi." Sibishi. Kwa pesa ile mimi ningenunua madaftari ya kuandikia riwaya kumi na nikabaki na nauli. Lakini sikwenda pale kununua, nilikwenda kusoma. Kitabu cha kuazima kinasomeka sawasawa na cha kununua.

TOFALI LENYEWE

Kabla hatujaingia ndani, tulijue tofali. Kampuni hii aliianzisha seremala mmoja, Ole Kirk Christiansen, katika mji mdogo wa Billund mwaka 1932. Alianza na midoli ya mbao. Jina LEGO limefinyangwa kutoka maneno mawili ya Kidenmark, "leg godt", maana yake cheza vizuri. Tofali la plastiki tunalolijua leo, lenye vinundu juu na vibomba ndani, hakimiliki yake iliombwa tarehe 28 Januari 1958. Lililotengenezwa mwaka ule bado linashikana na lililotengenezwa juzi.

Sasa sikiliza hesabu hii, maana inatuhusu sisi wa kalamu. Chukua matofali sita tu, yote ya rangi moja, kila moja lina vinundu vinane. Idadi ya namna unavyoweza kuyaunganisha ni 915,103,765. Milioni mia tisa na kumi na tano na ushee, kwa matofali sita! Kwa hiyo anayelalamika kwamba hadithi zote zimeshaandikwa, aambiwe ahesabu upya.

MUUNDO

Darasani tulifundishwa kwamba fani ni kikombe na maudhui ni chai. Mwaka uliofuata akaja mwalimu mwingine akasema hapana, ni pande mbili za sarafu moja. Tukakariri zote mbili, tukajibu mtihani, tukaondoka zetu. Baada ya kulijenga jumba hili nasema wa sarafu alikuwa karibu zaidi na ukweli. Chai waweza kuihamishia kikombe kingine ikabaki chai. Kitisho cha jumba hili huwezi kukihamishia nyumba nyingine, kwa sababu kitisho chenyewe ni umbo la nyumba.

Kwa nje unaona jumba la kizamani la kitajiri, lenye mnara. Mbele kuna geti, na kabla hujaufikia mlango unapita kati ya obeliski mbili, zile nguzo za mawe za Misri zilizochongoka juu. Ukitaka kuona ndani, jumba linafunguka katikati kama kabati. Mpaka hapo ni nyumba tu, hata mimi ningeweza kuieleza kwa ukurasa mmoja. Siri iko kwenye mnara. Ndani ya mnara kuna lifti, na lifti hiyo kazi yake ni kuanguka.

Iko hivi. Unazungusha kizungusho kwa mkono. Mnyororo unakipandisha kibanda cha lifti polepole, na abiria wake wamo ndani. Unazungusha, unazungusha. Kibanda kinapofika juu kabisa milango ya pale inafunguka, na kibanda kinaachiwa. Basi. Kimeshafika chini.

Hebu tupige hesabu ya sekondari kidogo. Kitu kikiachiwa kianguke bila kuzuiwa kutoka urefu wa nusu mita, kinafika chini kwa takriban theluthi moja ya sekunde. Tukichukulia kwamba kibanda kinaanguka kiasi cha hiyo nusu mita, tukio zima ambalo jumba limejengwa kwa ajili yake linachukua muda usiotosha hata kusema "mama". Vipande 3,231, jioni sita, kwa ajili ya theluthi ya sekunde!

Mtu wa haraka atasema huo ni upotevu. Mimi nasema hapo ndipo penye ufundi wote. Kuanguka ni kufupi, kupanda ni kurefu, na aliyepanga kazi hii alijua kwamba hofu haikai kwenye kuanguka. Inakaa kwenye mnyororo. Niliwaangalia waliokuja kuliona jumba letu, watoto kwa wakubwa. Hakuna aliyeshtuka kibanda kilipofika chini. Walishtuka kilipokuwa kinapanda, kila pingili ya mnyororo ilipolia. Shangazi yangu, mtu mzima mwenye wajukuu, alishika mdomo kabla kibanda hakijafika nusu ya safari, na alikwishaambiwa kitakachotokea.

Edgar Allan Poe wa Marekani aliandika insha mwaka 1846 akieleza kwamba mwandishi aanze kwa kuamua athari anayotaka msomaji aipate, ndipo arudi nyuma kupanga kila kitu kielekee huko. Wengi wanabisha kama yeye mwenyewe alifanya hivyo kweli, lakini jumba hili limefanya. Unapolijenga huanzi na mzimu. Unaanza na sakafu. Kisha unaambiwa uweke gia hapa, ekseli pale, upitishe kitu ukutani bila kuelezwa kinakwenda wapi. Siku ya pili binamu yangu aliuliza, "Sasa hii ya nini?" Jibu lilipatikana siku ya tano. Huo ndio upandaji wa dokezo unaostahili jina: msomaji anakishika kitu mkononi, anakiona, anakizoea, wala hajui kwamba ndicho kitakachomwangusha.

KUANGUKA NA NYUMBA

Labda utauliza kwa nini kuanguka. Kwa nini si kelele, si damu, si mifupa? Nadhani waliolibuni walikigusa kitu cha zamani sana katika aina hii ya hadithi. Riwaya inayotajwa kuwa ya kwanza ya majumba ya mauzauza huko Ulaya, The Castle of Otranto ya Mwingereza Horace Walpole, ilitoka mwaka 1764. Inaanza na kofia kubwa ajabu ya chuma kuanguka kutoka juu na kumponda kijana wa mwenye kasri siku ya harusi yake. Poe naye, katika hadithi yake ya mwaka 1839 kuhusu nyumba ya akina Usher, anamaliza kwa nyumba nzima kuporomoka. Mmoja kaanza na kuanguka, mwingine kamaliza na kuanguka. Jumba la matofali limeweka kuanguka katikati, ndani ya mnara, na likakupa kizungusho ukirudie utakavyo.

Lipo na la lifti yenyewe. Mwaka 1854, katika maonyesho ya New York, Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa la lifti lililoinuliwa, kamba ikakatwa mbele ya umati, na lifti haikuanguka, kwa sababu alikuwa amebuni breki ya kuidaka. Tangu hapo watu wakakubali kupanda maghorofa. Sasa wenye viwanja vya bembea wakafanya kinyume: wakachukua chombo kilichohakikishwa hakianguki, wakakiuza kwa kukiangusha. Hofu inakaa vizuri zaidi kwenye kitu unachokiamini. Jini la msituni halinishangazi, makao yake ni huko. Ngazi za nyumbani kwetu zikiongezeka moja usiku, hapo silali.

WAHUSIKA

Mwenye jumba ni Baron Von Barron. Wanaomjua wanamjua tangu mwaka 1998, LEGO ilipotoa mfululizo wa wasafiri watafuta hazina ulioanzia Misri. Shujaa alikuwa Johnny Thunder, na Baron ndiye aliyekuwa akimfukuzia hazina, mhusika mbaya wa mfululizo ule. Miaka 22 baadaye karudi, safari hii akiwa na jumba lililojaa vitu alivyovikusanya huko na huko duniani.

Ujenzi wa mhusika huyu ni wa kupigiwa mfano. Hasemi neno. Hakuna ukurasa unaotuambia "Baron alikuwa mtu mwenye tamaa." Tunamjua kwa vitu vyake. Mtu anayeweka obeliski mbili getini kwake amekwishajieleza. Sisi chipukizi tunapoteza aya nzima kusema mhusika ni mrefu, mweupe wa wastani, mcheshi, mpenda watu, kumbe tungeonyesha tu alichokipachika ukutani.

Wahusika wengine ni mizimu, wafanyakazi na wageni waliokuja kutembea. Hapa pana mchezo mtamu. Seti hii ni ya mfululizo wa viwanja vya bembea, mmoja na lile gurudumu kubwa la mwaka 2015 na treni ya milima ya mwaka 2018. Kwa hiyo, hata ndani ya hadithi yake, jumba hili si nyumba ya mizimu. Ni bembea inayojifanya nyumba ya mizimu. Wageni wamekuja kwa hiari kutishwa, na mzimu yuko kazini. Hadithi ndani ya hadithi, na imekaa bila kujigamba.

Lilinganishe na jumba jingine la kampuni hiyohiyo, la mwaka 2012, lenye vipande 2,064. Lile limejaa vitisho vya kuonekana: mnyonya damu na bibi harusi wake, mtumishi dubwana, mpishi ambaye sisi tungemwita msukule. Zuri kulitazama, lakini unalitazama mara moja umemaliza, kama picha. La 2020 lina vitisho vichache vya macho, lakini lina jambo linalotokea. Miaka minane imetosha kuwafundisha kwamba msomaji hutishwa na kinachomjia, hata kama hajakiona sura.

DHAMIRA, AU MZIMU NI WA NANI?

Hapa ndipo ninapowaomba tukae chini.

Mwaka jana nilimpelekea mhariri mmoja hadithi yangu. Aliirudisha na maneno mawili matatu pembeni: hadithi za mizimu ni za watoto, andika kuhusu jamii. Neno lile lilinikaa kooni muda mrefu, na jibu lake nilikuja kulipata mbele ya midoli.

Jiulize: kwa nini jumba la Baron lina mauzauza? Kwa sababu limejaa vitu ambavyo si vyake. Ondoa vitu vya watu, nyumba inakuwa nyumba. Hiyo ndiyo dhamira, na si ya kitoto hata kidogo. Obeliski za kweli za Misri leo zimesimama Paris tangu 1836, London tangu 1878 na New York tangu 1881. Zipo barabarani, watu wanapita, wanapiga picha.

Halafu iko bembea ya kweli inayofanana na jumba hili kiasi kwamba ukiijua huwezi kutazama moja usiikumbuke nyingine. Iko Japani, katika bustani ya Tokyo DisneySea, na ilifunguliwa mwaka 2006. Ni hoteli ndefu yenye lifti inayoanguka. Kisa walichokitunga ni hiki: tajiri mmoja, Harrison Hightower, alizunguka dunia akijitwalia vitu vya watu. Mwaka 1899 akachukua sanamu kutoka kwa kabila la kubuni la pande za Mto Kongo, akaileta hotelini kwake New York, na usiku wa kuamkia mwaka 1900 akapanda nayo lifti. Lifti ikaanguka, mwenyewe hakuonekana tena.

Na sanamu hiyo inaitwaje? Shiriki Utundu. Kabila je? Mtundu.

Soma tena polepole. Shiriki. Utundu. Mamilioni ya watu wamekwenda kutishwa na maneno mawili ambayo mama yeyote wa Kariakoo anaweza kumwambia mwanawe akicheka. Jina linanuka kamusi. Niliposoma habari ile mara ya kwanza nilicheka hadi nikakaa chini. Kisha kicheko kikaisha, nikabaki na swali: kumbe katika jumba la mauzauza la wenzetu, mzimu anaongea Kiswahili? Sisi ndio tuliomo kabatini?

Si mzaha. Mwaka 1898 Mkwawa, Mtwa wa Wahehe, alijiua asikamatwe na Wajerumani. Kichwa chake kikakatwa, na fuvu likapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliomaliza vita vya dunia, una kifungu kinachodai lirudishwe: cha 246. Lilirudi mwaka 1954, na leo liko Kalenga, Iringa. Kwa zaidi ya miaka hamsini fuvu la mtu wa kwetu lilikuwa ndani ya jengo la watu wengine, kama kitu cha kukusanya. Sasa niambieni, wapenzi wasomaji, hiyo si hadithi ya jumba la mauzauza? Na si kuhusu jamii? Mhariri yule akitaka, nimwongezee mfano.

KASORO

Kila kazi ina kasoro, na mhakiki anayesifu tu ni mpiga debe. Nina tatu.

Ya kwanza, hofu yake ina adabu mno. Baron kachukua mali za watu, mauzauza yakaja, wageni wanapanda lifti, wanaanguka, wanashuka salama. Hakuna anayelipa. Kile kilichochukuliwa hakidaiwi. Hightower wa Tokyo angalau alipotea. Hapa dhuluma imegeuzwa pambo, na pambo halina kesi.

Ya pili, vitu vya mbali havina sauti. Obeliski ziko pale kutuambia habari za Baron, hazituambii habari za Misri. Ni mbinu halali, nimekwishaisifu hapo juu, lakini ina gharama yake: anayeibiwa anabaki mandhari.

Ya tatu ni kitabu cha maelekezo. Kinakuongoza hatua kwa hatua mpaka mwisho, kwa hiyo jumba letu la hapa na la mtu wa Copenhagen ni lilelile, tofali kwa tofali. Unamaliza ukiwa fundi mzuri sana wa kutekeleza mawazo ya mwingine. Wapo waandishi wa namna hiyo pia, tunawajua. Tiba yake ni kulibomoa na kuanza upya na matofali yaleyale, lakini ni nani mwenye moyo huo baada ya jioni sita?

Kuhusu mota sitalalamika. Jumba limetengenezwa liweze kufungwa mota, ambayo huuzwa kando, lifti ipande yenyewe. Kwangu mimi mkono ni bora. Unapozungusha mwenyewe unausikia uzito wa kibanda, na unajua kwamba anayewapandisha wale abiria ni wewe. Mwandishi aliyekwisha kumpeleka mhusika wake mahali pabaya atanielewa.

SISI TUNAJIFUNZA NINI?

Sasa turudi kwetu. Hadithi za mizimu tunazoandika sisi vijana, nimezisoma nyingi, za magazetini na za kupeana mkononi. Nyingi zina neno moja linalobeba mzigo wote: ghafla. Ghafla mlango ukafunguka. Ghafla taa zikazimika. Ghafla akatokea mwanamke mwenye kwato. Bwana wee, ghafla halitishi! Ghafla ni ile theluthi ya sekunde peke yake, bila mnyororo. Ni kibanda kilichowekwa chini tangu mwanzo, halafu unamwambia msomaji, "Hebu jifanye kimeanguka."

Tazama mifano miwili, yote nimeitunga hapahapa. Wa kwanza:

"Ghafla mlango wa uani ukafunguka na jini la kutisha likatokea!"

Wa pili:

"Mama mwenye nyumba alimwambia mpangaji mpya mambo matatu: kodi ni ya miezi sita, maji yanatoka Jumanne tu, na chumba cha uani asikifungue. Usiku wa Alhamisi alisikia ndoo inajazwa uani."

Katika mfano wa pili hakuna jini, hakuna kutisha, hakuna alama ya mshangao. Lakini umepandishwa pingili tatu. Kodi ni ya kawaida, unaipita. Maji ya Jumanne ni ya kawaida kabisa mjini, unaipita hata bila kugeuka. Hiyo ndiyo gia ya siku ya pili, ile binamu yangu aliyouliza ni ya nini. Ikifika Alhamisi, milango inafunguka.

Wakubwa wetu walilijua hili. Muhammed Said Abdulla alipotupa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, alianza na mzimu lakini hakutuacha na mzimu. Alimleta Bwana Msa, mtu wa kuuliza na kupima, akatutoa kwenye woga hadi kwenye mkono wa binadamu. Naye anakufungulia nyumba katikati, uone mnyororo unapita wapi. Wapo wanaodhani kufichua mtambo kunaua utamu. Shangazi yangu alikwishaambiwa kibanda kitaanguka, na bado alishika mdomo.

Kwa hiyo kabla hujaanza hadithi yako ijayo ya mauzauza, jiulize maswali manne. Kitakachoanguka ni nini? Mnyororo wake una pingili ngapi? Msomaji amekishika kile kitu mkononi lini kabla hakijamgeukia? Na la nne, ambalo seti ya LEGO haikulijibu: vitu vilivyomo ndani ya nyumba hiyo ni vya nani, na mwenyewe akija kuvidai itakuwaje?

Hilo la nne ndilo ninalolitaka kwa hamu. Hadithi ya Baron imesimuliwa, ya Hightower imesimuliwa. Bado sijasoma ile inayosimuliwa na sanamu. Iliitwa jina ambalo kwao si jina, ikawekwa kwenye lifti ya watu usiku wa mwaka mpya, ikifahamu kila neno linalosemwa, na hakuna aliyewahi kuiuliza ilikuwa inataka kwenda wapi. Lugha yake tunayo sisi. Mtu wa Tokyo au wa Billund hawezi kutuandikia hiyo, hata akiwa na kamusi kumi.

Mimi nimeanza ya kwangu, niko sura ya tatu, na kibanda bado kinapanda. Atakayewahi kumaliza kabla yangu ailete kwa wahariri wa jarida hili. Na anayebisha kwamba midoli haihakikiki, naye alete hoja yake toleo lijalo. Tupo.